Kutengua kiraka cha kumbukumbu kwenye kerneli ya Linux: amri ni moja, kazi iko baada yake

Kiraka chenye mistari sita ndani ya saraka ya `mm/`, yaani msimbo wa kerneli unaosimamia kumbukumbu, kinatosha kuifanya seva ya ofisi ya utalii mjini Arusha ikokote kila jioni, na kukitengua kwa git, chombo kinachotunza historia ya msimbo, ni amri moja tu. Hapo ndipo wengi huumia. Amri hiyo hurudisha mistari sita, lakini haigusi chochote kilichoandikwa baadaye na watu waliokwisha kuzoea hali mpya. Aliyekulia Uchaggani, huko juu ya Moshi, ataelewa upesi kwa mfano wa mfongo, mfereji wa kumwagilia mashamba: kabla ya kurudisha maji kwenye njia yake ya zamani, unateremka kwanza kuangalia nani huko chini ameshapanda migomba na magimbi kwa kufuata njia mpya.

Tunachukulia kwamba umewahi kujenga kerneli mwenyewe walau mara moja, unatumia Debian au Ubuntu kwenye mashine ya x86-64, na uko kwenye tawi la 6.12. Kwenye matawi mengine hatua ni zilezile, ila baadhi ya faili huwa na majina tofauti.

## Jaribu swichi kabla ya git

Mabadiliko makubwa ya usimamizi wa kumbukumbu mara nyingi huingia na swichi yake. Utaratibu wa kupanga kurasa (vipande vya kumbukumbu) kwa vizazi, ulioingia kwenye toleo la 6.1 mwaka 2022, unazimwa papo hapo bila kuwasha upya:

```
echo n | sudo tee /sys/kernel/mm/lru_gen/enabled
```

Kurasa kubwa, zile za MiB 2 ambazo kila mmoja ni sawa na kurasa 512 za kawaida za baiti 4096, zinazimwa hivi:

```
echo never | sudo tee /sys/kernel/mm/transparent_hugepage/enabled
```

Kumbuka kwamba kurasa kubwa zilizokwisha kugawiwa hazivunjwi na amri hiyo. Anzisha upya hifadhidata au programu husika, la sivyo utadhani swichi haijasaidia kitu.

Seva ikitulia baada ya swichi umepata mambo mawili kwa mpigo: huduma imerudi leo usiku, na umejua ni sehemu gani ya kuchimba. Hata watunzaji wa kerneli hupita njia hii. Mwaka 2023, kufuli la kila eneo la kumbukumbu lililoingia na toleo la 6.4 lilipoonyesha hitilafu wakati wa `fork` (mchakato unapojinakili), lilizimwa kwanza kwenye usanidi, likarekebishwa, kisha likawashwa tena. Kulitengua lote kungemaanisha kung'oa mlolongo mrefu wa viraka vilivyoshikana.

Viraka vya aina mbili usivitengue hata kama vinakuuma. Cha kwanza ni kile kinachoziba tundu la usalama. Soma maelezo ya komiti (badiliko moja lililohifadhiwa kwenye git) yote, si kichwa chake tu, ukitafuta maneno kama `use-after-free` au namba ya CVE (kitambulisho cha tundu la usalama). Cha pili ni kile kilichowapa watumiaji kitu kipya kinachoonekana nje ya kerneli, kwa mfano bendera ya `madvise` au faili ndani ya `/proc`. Programu zikishaanza kukitumia, kukiondoa ni kuvunja upya, na kiraka chako hakitapokelewa juu, kwa watunzaji wa kerneli. Kwa aina zote mbili, andika marekebisho ya kusonga mbele.

## Chukua vipimo wakati bado inauma

Bila vipimo vya awali hutajua kama kutengua kumesaidia au ni siku tu imekuwa na wateja wachache. Kusanya hivi wakati seva inakokota:

```
grep -E 'allocstall|pgscan_direct|pgsteal_direct|compact_stall|compact_fail|thp_fault_fallback|oom_kill' /proc/vmstat
cat /proc/pressure/memory
cat /proc/buddyinfo
vmstat 1 60
```

Namba za `/proc/vmstat` hujumlishwa tangu mashine ilipowashwa, kwa hiyo namba moja peke yake haina maana. Chukua mara mbili, dakika kumi zikiwa zimepita, kisha toa. `allocstall` ikipanda kwa maelfu, programu zenyewe zinasimamishwa ili zitafute kurasa badala ya kazi hiyo kufanywa pembeni na `kswapd`, mchakato wa kerneli wenyewe. Linganisha pia `pgsteal_direct` na `pgscan_direct`: ikiwa kerneli inakagua kurasa mia ili ipate tano, inahangaika bure, na kiraka cha kutiliwa shaka kiko kwenye `mm/vmscan.c` au jirani yake.

`/proc/buddyinfo` ina safu kumi na moja za namba, kuanzia vipande vya ukurasa mmoja (KiB 4) hadi vya kurasa 1024 (MiB 4). Namba kubwa kushoto na sifuri tupu kulia maana yake kumbukumbu ipo ila imekatikakatika. Hiyo ni tofauti kabisa na kumbukumbu kuvuja, ambapo `MemFree` hushuka siku hadi siku na huwezi kuiona ilikoenda ukijumlisha `AnonPages`, `Cached` na `Slab` ndani ya `/proc/meminfo`.

Jambo dogo linalopoteza muda mwingi: mlinzi wa zamu akikuambia mfumo uligoma saa nane usiku, kwenye logi tafuta 02:00. Kama seva inaenda kwa UTC, tafuta 23:00 ya tarehe iliyotangulia.

## Kuipata komiti yenyewe

Hifadhi ya Linux nzima ni gigabaiti kadhaa, na `git clone` ikikatika katikati huanza upya. Kwa bando la simu hiyo ni hasara tupu. Pakua badala yake faili ya `clone.bundle` inayotolewa na kernel.org kwa `wget -c`, ambayo huendelea pale ilipoishia, kisha:

```
git clone clone.bundle linux
cd linux
git remote set-url origin https://git.kernel.org/pub/scm/linux/kernel/git/torvalds/linux.git
git remote add stable https://git.kernel.org/pub/scm/linux/kernel/git/stable/linux.git
git fetch stable linux-6.12.y tag v6.12.20 tag v6.12.25
```

Tuseme 6.12.20 ilikuwa nzima na 6.12.25 inakokota. Hata komiti za kati yake zikiwa elfu moja, kwa kuwa kila jaribio hukata mzigo nusu, hatua kama kumi zinatosha. Jenga na ujaribu kila toleo ambalo git inakupa, kisha jibu `git bisect good` au `git bisect bad`.

```
git bisect start
git bisect bad v6.12.25
git bisect good v6.12.20
```

Kuna kishawishi cha kuandika `git bisect start -- mm/` ili kupunguza hatua. Kwenye tawi la stable, lile linalopokea marekebisho ya toleo lililokwisha kutoka, usifanye hivyo. Unaokoa hatua mbili au tatu, na unajifungia nje ya makosa yaliyoingia kupitia `fs/`, `arch/x86/mm/`, `include/linux/` au dereva fulani. Kizuizi hicho kinafaa tu unapotafuta kati ya matoleo makubwa, ambako komiti ni zaidi ya elfu kumi.

Toleo lisilojengeka au lisilowaka kwa sababu nyingine, lipe `git bisect skip`. Usilihesabu kuwa baya. Na baada ya kila hatua hifadhi njia uliyopita:

```
git bisect log > ~/bisect.log
```

Umeme ukikatika na hifadhi ikaharibika, `git bisect replay ~/bisect.log` inakurudisha ulipokuwa. Weka faili hiyo nje ya saraka ya msimbo.

Ukishaonyeshwa mkosaji, usiamini bado. Jenga komiti hiyo na mzazi wake (`HASH^`, ambapo HASH ni namba ya komiti), jaribu kila moja mara tatu. Dalili za kumbukumbu hutegemea mzigo, na jibu moja la "nzuri" lililotolewa kwa haraka linatosha kuipeleka bisect kwenye komiti ya dereva wa sauti.

Mwisho, soma mwanzo wa maelezo ya komiti. Kwenye stable utakuta mstari kama `commit ... upstream.` au `[ Upstream commit ... ]`. Andika pembeni namba zote mbili, ya stable na ya shina kuu (hifadhi ya Torvalds, ambako viraka huingia kwanza). Namba ya shina kuu ndiyo wengine wanayoitaja kwenye mistari ya `Fixes:`, na bila hiyo hutawaona waliofuata.

## Nani amejenga juu yake

Swali la kwanza ni marekebisho yaliyokuja baada yake. Tumia herufi 12 za mwanzo za namba ya shina kuu:

```
git log --oneline --grep='Fixes: a1b2c3d4e5f6' v6.12.25
git log --oneline HASH..v6.12.25 -- mm/vmscan.c
```

Inawezekana kabisa kwamba tatizo lako limesharekebishwa kwenye shina kuu na kiraka bado hakijafika kwenye stable. Pitia amri ya kwanza pia dhidi ya `origin/master`. Ukikuta marekebisho, yachukue kwa `git cherry-pick -x`, jaribu, na kazi ya kutengua inaishia hapo.

Swali la pili ndilo lenye mwiba: kila fanksheni ambayo kiraka kiliigusa, nani anaiita leo ambaye hakuwa anaiita wakati ule? Git haitakuambia kwa hiari yake. Iulize:

```
git grep -c 'jina_la_fanksheni(' HASH | sed 's/^[^:]*://' | sort > zamani
git grep -c 'jina_la_fanksheni(' v6.12.25 | sed 's/^[^:]*://' | sort > sasa
diff zamani sasa
```

Kila mstari unaoonekana kwenye `diff` hiyo ufungue kwa macho yako. Sababu ni hii. Chukua fanksheni ya kubuni, `andaa_kurasa()`, ambayo kiraka kiliibadilisha hivi:

```
-	k->meza = kmalloc(k->ukubwa, GFP_KERNEL);
+	k->meza = kmalloc(k->ukubwa, GFP_ATOMIC);
```

`GFP_KERNEL` inaruhusu kulala: kumbukumbu ikiwa haba, kerneli inaweza kumsimamisha mwitaji, ikasafisha kurasa, kisha ikamwamsha. `GFP_ATOMIC` hairuhusu, ama inapata mara moja ama inarudisha patupu, tena inakula akiba iliyotengwa kwa dharura. Miezi miwili baadaye, mtu mwingine kwenye faili nyingine anaona fanksheni hii hailali, anaiita akiwa ameshika kufuli la kuzunguka (spinlock), ambalo mwenye nalo haruhusiwi kulala:

```
	spin_lock(&k->kufuli);
	hali = andaa_kurasa(k);
	spin_unlock(&k->kufuli);
```

Yeye hajakosea. Wewe sasa unatengua kiraka cha kwanza. Git haioni mgongano wowote, maana faili ni tofauti. Kompaila haisemi kitu, maana aina za vigezo hazijabadilika. Kerneli inawaka, unafanya kazi siku nzima, kumbukumbu iko tele na kila ombi linahudumiwa bila kulala. Kisha inafika jioni ya msimu, ofisi nzima inapakia picha za wageni, kumbukumbu inabana, na ombi lile linalala likiwa na kufuli mkononi. Logi inatoa `BUG: scheduling while atomic`, au vichakato vingine vinazunguka vikisubiri kufuli ambalo mwenye nalo amelala, na seva inaganda kimya.

Kosa la namna hii linashikwa kwa chaguo moja la usanidi, `CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP`. Likiwa limewashwa, kerneli huuliza kwenye kila ombi la kumbukumbu kama mahali hapo panaruhusu kulala, hata kama safari hiyo hapakuwa na haja ya kulala. Mara ya kwanza tu mwitaji yule akipita, unapata `BUG: sleeping function called from invalid context` pamoja na mlolongo wa miito. Usijaribu kutengua chochote cha `mm/` bila hilo.

Dawa ya mwitaji mpya ina njia tatu. Unaweza kuhamisha mwito nje ya kufuli. Unaweza kuongeza kigezo cha `gfp_t` ili kila mwitaji aseme anachohimili. Au unatengua na komiti yake pia. Ya kwanza ndiyo safi, lakini hakikisha kufuli halikuwa linalinda kitu ambacho fanksheni inakisoma.

Mitego mingine ya ukoo huohuo, kwa ufupi zaidi:

Hesabu ya marejeo. Kiraka kilihamisha `put_page()` au `folio_put()` kutoka kwa mwitaji kwenda ndani ya fanksheni. Ukitengua, waitaji wa zamani wanarudishiwa ya kwao, waitaji wapya hawana. Kurasa zinavuja. Kinyume chake kinatoa ukurasa mara mbili, na dalili ni `BUG: Bad page state in process`, ambayo mara nyingi humtaja mchakato asiyehusika kabisa, yule tu aliyebahatika kupewa ukurasa mbovu.

Maana ya jibu kugeuzwa. Fanksheni iliyokuwa inarudisha 0 kwa mafanikio ikawa inarudisha `true`. C inayapokea yote mawili bila kulalamika, na `if (!hali)` sasa inasema kinyume.

Orodha mbili zinazokwenda sambamba. Vihesabio vya `/proc/vmstat` vina orodha ya namba kwenye `include/linux/vm_event_item.h` na orodha ya majina kwenye `mm/vmstat.c`. Ukiondoa namba na kuacha jina lake, majina yote yaliyo chini yake yanahama nafasi moja, na grafu zako zinaanza kusema uongo kwa sura ya ukweli.

Ukubwa wa `struct page`. Kwa kawaida ni baiti 64 kwa kila ukurasa, kwa hiyo mashine ya GiB 16 inatumia MiB 256 kwa ajili hiyo pekee. Kiraka kikiwa kiligusa mpangilio wake, linganisha `pahole -C page vmlinux` kabla na baada.

## Kutengua

```
git switch -c tengua-mm v6.12.25
git config merge.conflictStyle diff3
git config rerere.enabled true
git revert -s HASH
```

Komiti zikiwa kadhaa, ziorodheshe kuanzia mpya kwenda ya zamani. Git huzifuata kwa mpangilio ulioandika, na ukianza na ya zamani utajitengenezea migongano isiyokuwepo.

Mgongano ukitokea, `diff3` inakuonyesha vipande vitatu, na kwenye kutengua vinasomwa kwa namna inayochanganya. Cha juu ni msimbo wa leo. Cha kati ni msimbo ulivyokuwa mara tu baada ya kiraka kuingia. Cha chini ni ulivyokuwa kabla yake, yaani unakotaka kurudi. Kwa hiyo tofauti kati ya cha kati na cha juu ndiyo kazi ya watu waliofuata, na unatakiwa kuipandikiza juu ya kile cha chini. Anayechagua cha chini kizima anafuta kazi yao. Anayechagua cha juu hajatengua kitu.

Ukimaliza, linganisha ulichofanya na kinyume halisi cha kiraka:

```
diff <(git show -R --format= HASH) <(git show --format= HEAD)
```

Namba za mistari na mistari ya `index` kutofautiana ni kawaida. Mstari wa msimbo unaoonekana upande mmoja tu lazima uwe na maelezo, na maelezo hayo uyaandike kwenye ujumbe wa komiti. Git itakupa kichwa chenye `Revert` na sentensi ya `This reverts commit ...`, hiyo haitoshi. Ongeza dalili, vipimo vya kabla na baada, na kwa nini hukurekebisha kwa njia nyingine.

## Kujenga, umeme ukiwa unakatika

Sakinisha `build-essential bc bison flex libelf-dev libssl-dev dwarves rsync cpio debhelper`, tenga nafasi ya GB 30, kisha:

```
cp /boot/config-$(uname -r) .config
make localmodconfig
scripts/config --set-str LOCALVERSION "-tengua"
scripts/config --set-str SYSTEM_TRUSTED_KEYS ""
scripts/config --set-str SYSTEM_REVOCATION_KEYS ""
make olddefconfig
make -j$(nproc) bindeb-pkg
```

Funguo hizo mbili zisipofutwa, usanidi wa Ubuntu hukatisha ujenzi ukitafuta vyeti usivyo navyo. `localmodconfig` nayo hubakiza moduli zilizopakiwa wakati huo tu. Kabla ya kuiendesha chomeka modemu ya USB, diski ya nje na chochote unachotumia mara mojamoja. Vinginevyo utawasha kerneli mpya na kukuta huna intaneti ya kutafutia suluhisho.

Umeme ukizimika katikati, `make` huendelea ilipoishia, ila faili zilizokuwa zinaandikwa zinaweza kubaki na ukubwa wa sifuri, na hatua ya kuunganisha ikalalamika kwamba faili haitambuliki. Zifute na uendelee:

```
find . -name '*.o' -size 0 -delete
git fsck
```

Kwa wanaojengea kwenye kompyuta mpakato, Moshi mwezi wa pili si Arusha mwezi wa saba. Kichakato kikipata joto hujipunguza kasi. Punguza `-j` kwa moja au mbili na utakuta muda haujaongezeka sana.

## Ijaribu ikiwa na njaa

Jenga nakala ya pili ya majaribio, kwenye saraka yake, yenye chaguo za ukaguzi `DEBUG_VM`, `DEBUG_ATOMIC_SLEEP`, `PROVE_LOCKING`, `KASAN` na `PAGE_OWNER`. Ongeza `make kvm_guest.config` ili madereva ya mashine pepe yaingie ndani ya kerneli yenyewe. Itakuwa nzito na ya polepole, na kazi yake ni kukamata makosa tu. Kasi usiipime humo.

```
qemu-system-x86_64 -enable-kvm -m 2G -smp 4 -nographic \
  -kernel arch/x86/boot/bzImage \
  -drive file=debian.img,format=raw,if=virtio \
  -append "root=/dev/vda1 console=ttyS0 page_owner=on oops=panic panic=10"
```

GiB 2 ni makusudi. Msimbo wa `mm/` hujionyesha kumbukumbu inapobana, na mashine yenye GiB 32 inaweza kukaa wiki bila kupita kwenye mstari ulioutengua. Ndani yake endesha `stress-ng --vm 4 --vm-bytes 90% --verify --timeout 30m`, huku dirisha lingine likinakili faili kubwa. Kisha endesha majaribio ya kerneli yenyewe yaliyo kwenye `tools/testing/selftests/mm`, kwa `run_vmtests.sh`. Baadhi yatafeli hata kwenye kerneli isiyoguswa, kwa hiyo yaendeshe kwanza kwenye v6.12.25 tupu na ulinganishe orodha mbili.

Kwa uvujaji, nakili `/sys/kernel/debug/page_owner` mara mbili, saa moja zikiwa zimepita, na uzichuje kwa `page_owner_sort` iliyo kwenye `tools/mm`. Mlolongo wa miito ambao idadi yake inapanda bila kushuka ndio wako.

Kasi ipime kwenye nakala ya kwanza, mashine halisi, kila kerneli mara tano au zaidi. Kabla ya kila mara:

```
sync; echo 3 | sudo tee /proc/sys/vm/drop_caches
```

Tofauti kati ya wastani wa kerneli mbili ikiwa ndogo kuliko tofauti kati ya majaribio ya kerneli moja, hujathibitisha kitu.

## Kuipandisha kwenye seva iliyo mbali

Seva ikiwa iko Moshi na wewe uko Arusha, kerneli isiyowaka ni nauli ya basi na nusu siku. Iagize GRUB, programu inayopakia kerneli mashine inapowaka, iiwashe kerneli mpya mara moja tu. Weka `GRUB_DEFAULT=saved` kwenye `/etc/default/grub`, endesha `update-grub`, kisha `grub-set-default` kwa kerneli ya zamani na `grub-reboot` kwa mpya:

```
sudo grub-reboot "Advanced options for Debian GNU/Linux>Debian GNU/Linux, with Linux 6.12.25-tengua+"
```

Ongeza `panic=30 oops=panic softlockup_panic=1` kwenye mstari wa kerneli. Ikianguka, baada ya sekunde 30 inajiwasha na kurudi kwenye ya zamani bila mtu kugusa. Lakini kuna sharti ambalo wengi hulikosa: GRUB lazima iweze kuandika kwenye `grubenv` ili ifute agizo la mara moja. `/boot` ikiwa juu ya LVM au RAID ya programu, haiwezi, na itarudia kerneli mbovu kila inapowaka. Kwenye seva kama hiyo awepo mtu mbele ya skrini. Mashine yenye Secure Boot nayo itakataa kerneli isiyosainiwa. Saini kwa ufunguo wako uliosajiliwa au izime kwanza.

Moduli za nje zinazojengwa na DKMS, kama ZFS, zihakiki kwa `dkms status` kabla ya kuwasha upya. Zinaweza kuwa zilikuwa zinaita fanksheni uliyoiondoa. Kuhusu muda, usidhani usiku wa manane ndio salama: saa nane usiku Arusha ni jioni New York, na wageni ndipo wanapojaza fomu za kupanda mlima. Soma logi za wiki moja uone saa ipi kweli iko tupu.

## Kuipeleka juu

Kama tatizo lipo pia kwenye shina kuu, usilikalie. Endesha `scripts/checkpatch.pl` na `scripts/get_maintainer.pl` juu ya kiraka, na utume kwa `git send-email`, maandishi matupu bila HTML. Viraka vya `mm` hupita kwa Andrew Morton na orodha ya linux-mm. Mweke mwandishi wa komiti ya awali kwenye nakala. Mara nyingi atakuja na marekebisho ya mistari miwili yanayoliondoa tatizo bila kutengua. Weka `Fixes:` yenye herufi 12 na kichwa cha komiti, na `Cc: stable@vger.kernel.org` ikiwa matawi ya stable yameathirika.

Wakati unasubiri, kerneli yako haitapata masasisho ya usalama kupitia `apt`. Kila 6.12 mpya ikitoka, `git fetch stable --tags` kisha `git rebase --onto` toleo jipya, na urudie ile `diff` ya waitaji, maana wanaongezeka. Siku rebase ikikwambia kiraka chako ni tupu, stable imeshatengua yenyewe: rudi kwenye kerneli ya Debian, na uondoe kifurushi cha `-tengua` baada ya wiki moja ya vipimo, si siku hiyohiyo.